UZI: Kinachosukuma kuta za chombo chenye gesi ni mapigo ya chembe, na si "hewa inayotaka kutoka"

Mleta uzi

Wanajamvi, salaam.

Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha mtihani wa fizikia wa kidato cha pili, na swali moja likanifanya niweke kalamu chini. Liliuliza kwa nini gesi iliyomo katika chombo kilichofungwa husukuma kuta za chombo hicho. Wanafunzi wengi waliandika kwamba chembe za gesi "zimebanwa na zinataka kutoka", na wengine wakaandika kwamba chembe "zinagongana zenyewe kwa zenyewe". Jibu la kwanza linaipa gesi nia ambayo haina. La pili linataja jambo la kweli, lakini silo linalousukuma ukuta. Nimeona nilete mada hii hapa kwa sababu naamini anayeielewa vizuri ataelewa papo hapo tairi, mtungi wa gesi, pampu ya baiskeli na hata tanbihi za mafundi juu ya joto, bila kukariri kanuni nne tofauti.

Tuanze na chembe moja. Chukulia chombo chenye umbo la mchemraba, ambacho ndani yake hamna kitu ila molekuli moja ya nitrojeni inayokwenda na kurudi kati ya ukuta wa kushoto na ukuta wa kulia. Ikiufikia ukuta wa kulia hudunda na kurudi ilikotoka kwa mwendokasi uleule, ila uelekeo wake umegeuka. Kitu chenye tungamo hakigeuki uelekeo bila kusukumwa, na hapa kilichokisukuma ni ukuta. Kwa hiyo, kwa kanuni ya tatu ya Newton, nacho kimeusukuma ukuta kwa kani iliyo sawa na hiyo lakini kinyume chake. Hilo ni pigo moja. Kisha molekuli huenda hadi ukuta wa kushoto, hudunda, hurudi, na kuupiga tena ukuta wa kulia.

Sasa iongezee molekuli hiyo mwendokasi mara mbili. Kila pigo litakuwa na nguvu mara mbili, kwa sababu kinachogeuzwa kinakuja kwa kasi maradufu. Lakini pia molekuli itaumaliza mzunguko wake kwa nusu ya muda, hivyo mapigo yatakuja mara mbili zaidi katika kila sekunde. Mbili mara mbili ni nne. Huo ndio mraba wa mwendokasi tunaoukuta katika kanuni P = Nmv²/3V, ambamo P ni kanieneo (yaani kani inayosukuma kila kipimo cha eneo la ukuta), N ni idadi ya chembe, m ni tungamo la chembe moja, v ni mwendokasi na V ni ujazo wa chombo. Ile tatu iliyo chini inatokana na ukweli kwamba chembe halisi haziendi kulia na kushoto tu. Huenda pia juu na chini, mbele na nyuma, na hakuna upande unaopendelewa.

Kanuni hii mtu anaweza kuipima mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya kawaida ina tungamo la takriban kilo 1.2, na hiyo ndiyo Nm yote kwa pamoja. Molekuli za hewa hiyo huenda kwa takriban mita 500 kwa sekunde, yaani takriban kilomita 1,800 kwa saa. Zidisha 500 kwa 500 upate 250,000. Zidisha kwa 1.2 upate 300,000. Gawanya kwa 3 upate paskali 100,000. Kanieneo cha angahewa kwenye usawa wa bahari ni paskali 101,325. Mimi hesabu hii huniacha na furaha ileile kila ninapoiandika ubaoni, kwa sababu kwa kuipima hewa uzito tu na kukijua kanieneo chake, mtu anaweza kurudi nyuma na kutambua molekuli zinakwenda kasi gani bila kuona hata moja.

Kwa nini basi hatuhisi mapigo haya? Kwa sababu ya wingi wake. Katika sentimita moja ya ujazo ya hewa ya chumbani zimo molekuli takriban milioni milioni milioni 25. Sentimita moja ya mraba ya ukuta hupigwa, katika sekunde moja, mara laki tatu za milioni milioni milioni. Matone machache ya mvua yakiangukia bati utayasikia moja moja; mvua ikikolea, sauti zote huwa mvumo mmoja usiokatika. Ndivyo ilivyo kwa ukuta: mapigo hayahesabiki, na kinachobaki ni msukumo mmoja uliotulia. Msukumo huo si mdogo. Kiganja chenye eneo la sentimita 100 za mraba hubeba juu yake kani inayokaribia uzito wa gunia la kilo 100, ila mkono hauanguki kwa kuwa upande wa chini nao unapigwa vivyo hivyo.

Wazo hili lina historia ndefu, na sehemu yake moja inastahili kukumbukwa. Robert Boyle alikuwa ameonyesha mwaka 1662 kwamba hewa ikifinywa hadi nusu ya ujazo wake, kanieneo huongezeka mara mbili. Newton, mwaka 1687, alionyesha kwamba matokeo hayo yangeweza kupatikana iwapo chembe za hewa zingekuwa zimetulia zikisukumana kwa mbali kama springi, na kwa heshima aliyokuwa nayo, wengi walilichukua hilo kuwa ndio ukweli wenyewe. Daniel Bernoulli, mwaka 1738, akaandika kinyume chake: gesi ni vijichembe vinavyokwenda huku na huko kwa kasi kubwa, na pistoni yenye uzito juu yake inashikiliwa na mapigo yao tu. Hakusikilizwa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Aliyeumizwa zaidi na ukimya huo ni John James Waterston, Mskoti aliyekuwa akifundisha makadeti wa jeshi la majini la Kampuni ya India Mashariki huko Bombay, ng'ambo ya bahari yetu hii. Mwaka 1845 alituma London, kwa chama cha wanasayansi kiitwacho Royal Society, makala iliyoeleza nadharia nzima ya mwendo wa chembe za gesi. Mmoja wa waliopewa kuipitia aliandika kwamba ilikuwa upuuzi mtupu. Makala ikawekwa kabatini, na mwandishi hakuwa amebaki na nakala. Waterston alifariki mwaka 1883. Miaka michache baadaye Lord Rayleigh aliikuta katika kumbukumbu za chama na kuichapisha mwaka 1892, wakati ambapo wanafizikia Clausius na Maxwell walikuwa wamekwisha kuyafikia yaleyale kwa njia zao. Huwa nawasimulia wanafunzi kisa hiki kabla ya kuwaandikia kanuni, na naona wanaisikiliza kwa namna nyingine.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Fundi Upepo

Mwalimu, nashukuru kwa somo. Mimi ni fundi wa tairi, barabara ya Morogoro, na nina mambo mawili ninayoyaona kila siku. La kwanza, pampu ya mkono ikitumika kwa dakika chache huwa ya moto sana sehemu ya chini, wakati hakuna moto wowote uliowashwa. La pili, madereva wa malori hufika mchana tairi zikiwa zimepanda upepo, wakaniomba niupunguze ili zisipasuke. Mimi hukataa kwa kuwa aliyenifundisha kazi alinikataza, lakini sababu yenyewe siijui kwa kina.

Mleta uzi

Fundi, aliyekufundisha alikufundisha vizuri.

Kuhusu pampu: nilisema kwamba molekuli ikidunda kwenye ukuta uliotulia hurudi kwa mwendokasi uleule. Pistoni ya pampu inaposhindiliwa haijatulia, inazijia molekuli. Mpira unaogonga ukuta hurudi kwa kasi isiyozidi uliyokuja nayo, lakini ukikutana na mguu unaoujia, huondoka kwa kasi zaidi. Kila molekuli inayoipiga pistoni wakati inashuka huondoka na nyongeza kidogo ya mwendokasi. Kwa kuwa halijoto ya gesi si kitu kingine ila kipimo cha nishati ya mwendo wa chembe zake, hewa inapata moto, na chuma cha pampu kinaupokea. Msuguano wa kipete cha pistoni nao unachangia, lakini sehemu ya chini, hewa inakofinywa, ndiyo hupata moto zaidi. Nguvu za mkono wako ndizo zilizogeuka kuwa kasi ya molekuli.

Kuhusu tairi za malori: tuchukulie dereva amejaza Dar es Salaam alfajiri, hewa ikiwa nyuzijoto 27, na kipimo kimesoma PSI 100. Mchana, baada ya mwendo mrefu, hewa iliyomo ndani ya tairi imefika nyuzijoto 67. Ukitumia nyuzi hizo kama zilivyo utadhani upepo umezidi maradufu, na hapa ndipo wengi hupotea. Nyuzi za Selsiasi huanza kuhesabu pale barafu inapoyeyuka, na chembe za hewa hazijatulia hata kidogo hapo. Ni lazima tuhesabu kuanzia sifuri halisi, yaani tuongeze 273: alfajiri ni kelvini 300 na mchana ni kelvini 340. Vilevile kipimo chako husoma tu kile kilichozidi kanieneo cha nje, ambacho ni takriban PSI 14.7, hivyo kanieneo kamili cha alfajiri ni 114.7. Zidisha kwa 340, gawanya kwa 300, upate takriban 130, ondoa 14.7, na kipimo kitasoma takriban 115, ikiwa tairi halikutanuka.

Idadi ya chembe haijabadilika. Zinakwenda kasi zaidi tu. Ukipunguza upepo hadi PSI 100 wakati tairi ni la moto, umeziondoa chembe ambazo tairi litazihitaji likipoa, na usiku litakuwa pungufu. Tairi pungufu hujikunja zaidi kila linapozunguka, kujikunja huko huzalisha joto, na joto ndilo huharibu nyuzi na mpira. Dereva anayedhani ameondoa hatari anakuwa ameiongeza. Upepo hupimwa na kurekebishwa tairi likiwa la baridi.

Ongezea hapo tofauti moja ambayo naipenda. Unapojaza upepo tairi likiwa limetulia, kila pigo moja linabaki na nguvu ileile, ila mapigo yanakuwa mengi zaidi. Joto linapopanda, mapigo yanakuwa mengi zaidi na kila moja linakuwa na nguvu zaidi. Kipimo hakiwezi kukuonyesha tofauti hiyo, lakini ndani ya tairi ni mambo mawili mbalimbali.

Bintifizikia

Mwalimu, hongera kwa uzi. Nina sahihisho moja na pingamizi moja.

Sahihisho: ile mita 500 kwa sekunde si wastani wa kawaida wa mwendokasi. Ni kipeuo cha pili cha wastani wa miraba ya mwendokasi. Wastani wa kawaida wa molekuli za hewa katika halijoto hiyo ni takriban mita 465 kwa sekunde. Maxwell alionyesha kuanzia mwaka 1859 kwamba molekuli za gesi moja haziendi kwa kasi moja. Chache ni za polepole sana, chache ni za kasi sana, na nyingi ziko katikati. Kwa kuwa kanieneo hutegemea mraba, zile za kasi huchangia kuliko idadi yao.

Pingamizi: umeeleza molekuli moja inayokwenda kutoka ukuta hadi ukuta bila kizuizi. Katika hewa halisi, molekuli husafiri takriban sehemu saba kati ya laki moja za milimita kabla ya kugongana na nyingine, na hugongana mara bilioni kadhaa kwa sekunde. Haiwezi kufika ukuta wa pili kwa njia iliyonyooka. Je, hesabu yako haiporomoki?

Mleta uzi

Sahihisho nimelipokea kwa moyo wote, na nitalirekebisha hata darasani.

Pingamizi lako ni zito, na linafanana na lile alilokutana nalo Clausius. Mwaka 1858 Buys Ballot wa Uholanzi aliuliza: ikiwa molekuli zinakwenda mamia ya mita kwa sekunde, kwa nini harufu inayotolewa pembeni mwa chumba isifike upande wa pili papo hapo? Udi ukiwashwa sebuleni, huwa tunangoja kabla ya kuusikia chumbani, na hata hapo ni mikondo ya hewa inayousafirisha zaidi. Clausius alijibu kwamba molekuli hugongana mfululizo, hivyo safari yake ni ya kupindapinda na husonga mbele polepole.

Lakini kanieneo si sawa na harufu. Harufu inahitaji molekuli ileile ifike. Ukuta haujali ni molekuli ipi imeupiga. Molekuli mbili zilizo sawa zikigongana uso kwa uso, kila moja huondoka na mwendo wa mwenzake, na ukizitazama kwa mbali ni kama zimepishana bila kugusana. Zikigongana kwa pembe, mgawanyo hubadilika, ila jumla ya momenta (zao la tungamo na mwendo) na jumla ya nishati hubaki vilevile. Ni kama watu waliojipanga wakipokezana ndoo za maji kuzima moto: hakuna mtu hata mmoja anayetembea kutoka kisimani hadi penye moto, lakini maji yanafika kwa kiasi kilekile. Migongano ya chembe kwa chembe huzigawia kasi, ndiyo maana tuna mgawanyo wa Maxwell uliousema, lakini haiongezi wala haipunguzi msukumo wa ukutani. Ndiyo maana nilisema kwamba wanafunzi wangu walioandika "zinagongana zenyewe kwa zenyewe" walitaja jambo la kweli lisilojibu swali.

Gesi ikishindiliwa sana, molekuli zikakaribiana kiasi cha kuvutana na kubanana, hesabu yangu huanza kukosea kweli. Van der Waals aliirekebisha mwaka 1873 kwa kuzingatia mambo hayo mawili.

Msomaji wa Mombasa

Asante sana, mwalimu. Huku kwetu shuleni tulisema "shinikizo" kwa kile mnachokiita kanieneo, lakini nimefuata vizuri. Nauliza kuhusu hijama. Mwenye kuifanya huwasha moto mdogo ndani ya kikombe cha kioo, akakiweka haraka mgongoni, na nyama hupanda ndani ya kikombe. Sote husema kikombe "kinavuta". Kwa maelezo yako chembe hupiga tu. Je, zaweza kuvuta?

Mleta uzi

Haziwezi, na mfano wako ni bora kuliko wangu wote.

Moto unapowaka ndani ya kikombe kilicho wazi, molekuli za hewa iliyomo hupata kasi, na kwa kuwa mdomo uko wazi, sehemu yake hutoka nje. Kinachobaki ni chembe chache zenye kasi kubwa, na mapigo yake yanalingana na ya hewa ya nje. Kikombe kikishaziba mgongoni moto huzimika, kioo na ngozi huzipoza chembe zile chache, na kasi yake hupungua. Sasa ndani ya kikombe kuna chembe chache zinazokwenda polepole zaidi, na kwa hiyo mapigo yake juu ya ngozi ni hafifu. Sehemu nyingine yote ya mwili ingali inapigwa kwa nguvu ya kawaida ya angahewa, na nguvu hiyo hupita katika damu na nyama laini hadi pale palipo na upinzani mdogo. Ngozi husukumwa kutoka nyuma. Wazee waliotumia pembe ya kuumikia walipata tokeo hilohilo kwa kuifyonza hewa kwa mdomo kupitia tundu la nchani na kisha kuliziba, yaani walipunguza idadi ya chembe bila kutumia joto.

Mrija wa soda ni vivyo hivyo: mdomo hupunguza mapigo ndani ya mrija, na hewa iliyo juu ya soda huisukuma ipande.

Mama Lishe

Nami naomba kuuliza, ingawa sikusoma fizikia. Napikia mtungi wa kilo 15. Gesi ikiwa imebaki nusu, moto ni uleule kama siku ya kwanza, kisha siku moja unafifia na kuzimika bila kuniaga. Kijana wangu ana bajaji ya gesi, na kwake kipimo hushuka kidogo kidogo hadi mwisho. Ikiwa chembe zinapungua, mbona mtungi wangu hauonyeshi?

Mleta uzi

Mama, swali lako linahitaji jibu lililo kamili, kwa sababu mitungi hiyo miwili haina vitu vya aina moja.

Gesi ya bajaji, ile wanayoiita CNG, ni gesi asilia ambayo ndani ya mtungi hubaki gesi, imeshindiliwa hadi takriban mara 200 ya kanieneo cha angahewa. Kila molekuli inayokwenda kwenye injini ni molekuli iliyopungua katika kuupiga ukuta, na kipimo kinashuka kwa kadiri hiyo.

Ndani ya mtungi wako mna propani na butani katika hali ya kimiminika, na juu ya kimiminika hicho kuna nafasi yenye mvuke wake. Mvuke huo ndio unaopiga kuta na ndio unaokwenda jikoni. Ukifungua jiko, chembe za mvuke hupungua kidogo, na mara moja nyingine huruka kutoka kwenye kimiminika na kuziba pengo. Idadi ya chembe katika kila sentimita ya nafasi ile hurudi palepale, kwa kuwa hupangwa na halijoto zaidi kuliko kiasi cha kimiminika kilichobaki. Ndiyo maana moto haubadiliki hadi kimiminika kinapokwisha, na hapo kinachobaki ni mvuke mtupu unaokwisha haraka.

Zinazoruka kutoka kwenye kimiminika ni zile molekuli zenye kasi kubwa, hivyo zinazobaki ni za polepole, na kimiminika hupoa. Bila shaka umewahi kuona mtungi ukitoka jasho upande wa chini ukipika muda mrefu. Mahali penye baridi kali, kama Njombe mwezi wa Julai, mvuke hupungua nguvu na moto hufifia hata kama gesi ingalipo. Tafadhali usiupashe mtungi moto kwa jiko wala kwa maji yanayochemka, kwa sababu chembe zitaongezeka idadi na kasi kwa wakati mmoja, na kanieneo kitapanda upesi kuliko ilivyokuwa kwa tairi la fundi wetu.

Ukitaka kujua kilichobaki, kipimo cha kanieneo hakitakusaidia. Upime mtungi kwenye mizani, kisha utoe uzito wa mtungi mtupu, ambao huwa umegongwa au kuandikwa kwenye chuma chake karibu na mshikio. Kinachosalia ni kilo za gesi ulizonazo.